Binti wa Mwalimu wa Nyimbo

Kwa miaka mingi darasa langu la hesabu lilipakana na chumba cha nyimbo, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kama ahadi ya mlevi. Nikifundisha kugawanya, wao wanaimba. Nikiuliza saba mara nane, jibu linanijia kwa sauti nne. Mwanzoni nilikuwa nikienda kuugonga mlango wao kwa hasira. Baadaye niliacha, na baadaye zaidi nikawa nawapa wanafunzi wangu kazi ya kuandika ili ninyamaze nisikilize.

Chumba kile zamani kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Mwalimu aliyekiomba alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mabega yameinama mbele kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni. Watoto walimwita Mwalimu Solfa kwa sababu ya do, re, mi aliyoiandika juu kabisa ya ubao na kukataa kuifuta. Jina likamganda. Hata mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi wake, akikasirika alimwita hivyo hivyo: "Solfa, chumvi leo utainunua au utaiimba?"

Hakuwa mwimbaji wa kutisha. Sauti yake ilikuwa nene, yenye mkwaruzo kidogo. Alichokijua ni watoto. Kulikuwa na mmoja aliyekuwa akipiga kelele kuwazidi wenzake wote, hata mishipa ya shingo inamtoka. Solfa hakumkemea. Alimsogeza katikati ya safu na kumwambia, "Mwanangu, imba, lakini ukiacha kumsikia jirani yako, ujue wewe ndiye umezidi." Yule mtoto alihangaika wiki nzima. Kisha siku moja akaipata, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kugundua kwamba kuna watu wengine chumbani.

Na makofi yake! Aliwapigisha kofi moja refu, halafu mawili ndani ya muda ule ule, halafu manne ya haraka haraka. Walipofika kwangu kujifunza nusu na robo, nilichora mduara ubaoni nikaanza kuukata kwa chaki, nao wakawa wananitazama kwa huruma.

"Mwalimu," mmoja akaniuliza, "kumbe ni yale makofi tu?"

Niliufuta mduara.

Solfa na mkewe walikaa muda mrefu bila mtoto, hata watu wakachoka kuuliza. Walipompata binti, alikuja na maneno yote waliyokuwa wameyakosa. Alisema kabla ya kutembea na aliimba kabla ya kusema sawasawa. Alikuwa akiongea na sufuria, akiongea na cherehani ya mama yake, akiongea usingizini. Mtaa mzima ulimwita Chiriku. Nyumba yao na yangu zilitazamana, na asubuhi nilijua saa ya kutoka kwa kusikia sauti yake ikikaribia getini, baba na binti wakiimba wimbo mmoja, yeye juu, baba chini.

Alikuwa darasa la pili alipougua. Ilianza kama homa ya kawaida, wakampa dawa za kawaida. Usiku shingo ikakakamaa, asubuhi mtoto hamjui mama yake. Hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo. Alilala huko akiwa hana hili wala lile, na mama yake akalala sakafuni chini ya kitanda chake, juu ya khanga. Siku alipofumbua macho na kuomba maji, Solfa alikuja mbio shuleni, akasimama mlangoni pa darasa langu. Alinyanyua tu vidole gumba viwili. Darasa zima likapiga makofi.

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ameuelekeza dirishani, anaongea kwa sauti kubwa isiyo ya kawaida. Tulifikiri ni furaha. Mama yake alikuwa akimkunjia nguo. Solfa akaingia kwa nyuma, upande wa dirishani, akamwita kwa ule mwito wao wa siku zote, so-mi, so-mi, kama ndege wawili. Mtoto hakugeuka. Akaita tena. Mama akaacha kukunja. Solfa akachukua kifuniko cha sufuria akakipiga kwa kijiko nyuma kabisa ya kichwa cha mwanawe, kwa nguvu, mimi mwenyewe nikaruka.

Chiriku akatutazama mmoja mmoja. Aliona nyuso zetu, akaona midomo inacheza.

"Baba," aliuliza, "mbona siku hizi hamsemi? Mbona mnafungua mdomo tu?"

Mama alitoka nje. Solfa alibaki ameshika kifuniko.

Daktari alieleza kwa upole kwamba ugonjwa umeua masikio yote mawili na hakuna dawa ya kuyafufua. Solfa alisikiliza, akashukuru, akarudi kazini Jumatatu. Siku hiyo ukuta wangu ulinyamaza. Nilichungulia. Aliwapa watoto kazi ya kunakili maneno ya wimbo kwenye madaftari, naye amekaa dirishani akiwapa kisogo. Ilikwenda hivyo muhula mzima. Niliwahi kuuchukia ule ukelele, na sasa kimya kile kilinitesa zaidi.

Chiriku naye alirudi darasani kwake. Mtoto asiyesikia sauti yake mwenyewe huanza kuipoteza, na maneno yake yakawa yanapinda, mengine yanatoka puani, mengine yanapaa ghafla. Watoto wakacheka. Aliyewaongoza kucheka alikuwa msichana mmoja mnene, mwenye nguvu za punda, waliyemwita Katapila kwa jinsi alivyosukuma watu kwenye foleni. Katapila alikuwa na kipaji cha kuiga. Alimwiga Chiriku vizuri mno, kope mpaka mabega, na watoto wakavunjika mbavu. Chiriku hakusikia alivyoigwa, ila aliona. Baada ya hapo alifunga mdomo wake. Hakusema tena, shuleni wala nyumbani, na watu waliendelea kumwita Chiriku kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumbadilishia jina.

Alikuwa akimsubiri baba yake chumba cha nyimbo baada ya masomo. Siku moja nilikuwa nasahihisha kazi nikasikia ngoma, pigo moja zito, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule. Nikaenda. Solfa alikuwa anahamisha vyombo, ameigonga ngoma kubwa bila kukusudia, na Chiriku, aliyekuwa ameketi sakafuni ameegemea ubavu wa ngoma ile ile, alikuwa ameshtuka na kugeuka. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili kwenye ngozi. Macho yake yalikuwa yanadai zaidi.

Solfa alipiga tena. Mtoto akapiga mguu chini. Akapiga mawili, mtoto mawili. Akapiga yale manne ya haraka, na Chiriku akayajibu kwa kisigino, bila kukosea, kisha akaonyesha vidole vinne. Solfa alipiga magoti pale sakafuni, akalaza shavu lake juu ya ngoma kama anayetaka kulisikia analosikia binti yake. Nikaufunga mlango polepole nikaondoka.

Baada ya siku ile alibadilisha somo lake lote. Alimwomba mwalimu wa darasa la Chiriku ampe darasa zima, na akawaambia watoto kwamba muhula huu hakuna kuimba. Wataigiza, tena bila kusema neno hata moja.

"Sasa tutaelewana vipi?" Katapila aliuliza.

"Hilo ndilo mnalokuja kujifunza," alisema.

Ilikuwa vurugu tupu mwanzoni. Aliwapa jambo dogo: watu wanasubiri kwa kinyozi na kinyozi hana wembe. Wote wakarusha mikono kwa wakati mmoja, hakuna aliyejua nani ni kinyozi. Wakagombana. Taratibu wakagundua kwamba ni lazima mmoja asubiri mwenzake amalize, na ni lazima umtazame mtu usoni ili ujue amemaliza. Katika jambo hilo Chiriku alikuwa mbali mbele yao. Yeye aliishi kwa kutazama. Alijua nani anataka kucheka kabla hajacheka. Watoto wakaanza kumwangalia yeye ili wajue zamu ya nani.

Katapila ndiye aliyenishangaza. Solfa alimpa sehemu ya mama mwenye mtoto mgonjwa, na Chiriku akawa mtoto. Ilibidi ambebe. Msichana yule aliyezoea kusukuma, sasa amebeba mwenzake mikononi, anatafuta mahali pa kumlaza, na kila akimlaza mahali, watoto wengine wanatikisa kichwa: hapana, hapo panavuja, hapo pana mbwa. Walirudia kwa siku kadhaa. Siku moja Katapila akasimama katikati ya chumba, Chiriku mikononi, na machozi yakamtoka mwenyewe bila kuigiza. Hakuna aliyecheka.

Baada ya hapo nilimwona Katapila darasani kwangu akihama dawati, akaketi mbele ya Chiriku na kugeuza kiti upande, ili kila nikisema jambo amrudishie kwa mikono. Walikuwa wametunga ishara zao wenyewe. Kujumlisha ilikuwa ngumi mbili zinazogongana. Kubaki moja ilikuwa kushika sikio. Mimi, kwa sababu nilitazamwa namna hiyo, nikaanza kufundisha vizuri zaidi. Nikaacha kuongea nikiutazama ubao. Na Katapila, aliyekuwa mkiani tangu aanze shule, alianza kupanda, kwani huwezi kumweleza mtu jambo kwa mikono kama wewe mwenyewe hujalielewa. Ugomvi wa uwanjani ulipungua katika darasa lile moja, walimu wote waliona. Tulisema labda wamekua.

Siku ya wazazi waliigiza mchezo wao wa mama na mtoto mgonjwa. Mkewe Solfa alikaa nami safu ya mbele, ana sindano mbili bado zimechomekwa kolani kwa haraka ya kuja. Uwanja ulinyamaza, hata watoto wachanga. Mwishoni watu walipiga makofi, na mama akanishika mkono.

"Dada," alininong'oneza, "umemwona anavyocheka? Amefungua mdomo kabisa. Natamani ningesikia kicheko chake."

"Hakutoa sauti," nikamwambia.

"Najua. Ndiyo nasema natamani."

Mwaka uliofuata matokeo ya mtihani wa mwisho yalitoka vibaya. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeitwa ofisi za juu akasimamishwa mbele ya wenzake kama mtoto aliyekojoa kitandani. Alirudi na amri. Vipindi vya nyimbo, uchoraji na maigizo viondolewe, watoto wafanye mazoezi ya mtihani asubuhi na jioni, na chumba cha nyimbo kitumike kwa masomo ya ziada.

Solfa alikwenda ofisini kwake. Mimi nilikwenda naye, kwa kuwa nilikuwa na la kusema kuhusu hesabu.

"Mkuu, wale watoto wanafikiri wakiwa kule," Solfa alisema. "Siwafundishi nyimbo peke yake. Nawafundisha kusubiri, kukumbuka, kuona mwenzako anataka nini. Muulize mwalimu wa hesabu hapa."

Nilisema niliyoyaona. Mkuu alisikiliza, akasugua macho.

"Walimu wangu, nawaamini," alisema. "Lakini nyimbo hazitahiniwi. Niambieni nitajibu nini nikiitwa tena."

Tulitoka. Ubao wa do, re, mi ulifutwa na mtu mwingine, Solfa akapewa vipindi vya mwandiko.

Ilisadifu, kama mambo yanavyopenda kurundikana, kwamba wiki zile zile ilipatikana nafasi kwa Chiriku katika shule ya viziwi. Ilikuwa mbali, ya bweni. Mama ndiye aliyeitafuta kimyakimya kwa muda mrefu, akiuliza kila mteja aliyekuja kupimwa nguo. Solfa alikataa. Walibishana kwa siku nyingi, na kwa sababu nyumba zilitazamana na madirisha yalikuwa wazi, nilisikia.

"Mtoto wa miaka tisa! Nani atamwamsha?"

"Wapo wa kumwamsha."

"Hapa ana marafiki. Ana lugha yake na Katapila."

"Baba Chiriku, ana ishara arobaini na rafiki mmoja. Hiyo ni lugha? Akitaka kuniambia ameota nini, ananiambiaje?" Kisha akaendelea, sauti imeshuka: "Ulikuwa na chumba chako kile, nikanyamaza. Niliona kinamsaidia. Sasa chumba hakipo. Utamfundisha wapi? Kwenye mwandiko?"

Solfa alikubali shingo upande.

Kilichobaki kilikuwa kumweleza mwenyewe, na hapo ndipo walipogundua ukweli wa maneno ya mama. Walikuwa na ishara ya maji, ya kulala, ya njoo, ya kubaki moja. Utamwambiaje mtoto kwa mikono: unakwenda, utakaa, lakini utarudi, si kwamba tumekuchoka? Solfa alifanya alilolijua. Mchana wa siku ya mwisho aliweka viti viwili sebuleni, kimoja kwenye kona hii, kimoja kona ile. Akabeba mfuko, akatoka kiti hiki akaenda kile, akapunga mkono, akalala, akaamka, akasoma, akarudi kiti cha kwanza akamkumbatia mkewe. Akaenda tena, akarudi tena. Nilikuwapo, nilikuja kuaga. Chiriku alimtazama kwa makini, kisha uso ukachanua. Akampokonya mfuko. Akaenda, akalala, akaamka, akarudi, akamkumbatia baba. Alicheza sehemu yake vizuri kabisa, na mwishoni akainama mbele yetu kama walivyoinama siku ya wazazi.

"Ameelewa," Solfa alisema.

Mama alikuwa anashona namba kwenye nguo za bweni.

Asubuhi gari la shule lilikuja kumchukua. Katapila alikuwepo, amevaa sare, amechelewa masomo kwa ajili hiyo. Chiriku alipanda anacheka, akakaa dirishani, akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja: baba, njoo. Akapiga tena. Solfa alisimama chini, mikono inaning'inia. Mlango ulifungwa, na ndipo mtoto alipogundua kwamba jana hatukuwa tunacheza. Alifungua mdomo wake. Yeye ambaye hakuwa ametoa neno tangu darasa la pili, alitoa sauti moja ndefu iliyopinda. Haikuwa neno, lakini mtaa mzima ulijua anaita nani. Gari likaondoka.

Katapila alimgeukia Solfa, akampiga ngumi tumboni, akakimbia.

Likizo ya kwanza Chiriku alirudi amenenepa, nywele zimesukwa vizuri. Alimkumbatia mama. Alimpita baba yake kama unavyopita nguzo. Ilimchukua siku nyingi kukaa naye meza moja, na hata alipokubali, kitu kilikuwa kimekatika. Shule ilimfaa, lazima niseme hivyo. Huko alipata lugha kamili, ya kuulizia, ya kubishana, ya kusimulia ndoto. Alirudi kila likizo akiwa na mikono myepesi zaidi, na maswali yaliyomlemea tangu alipougua yakaanza kutoka. Mama alikuwa akienda Jumamosi kwenye mafunzo ya wazazi, akayashika yale maneno kama alivyoshika mitindo ya nguo, kwa kutazama mara moja.

Solfa naye alikwenda. Alihudhuria kuliko mzazi mwingine yeyote. Lakini haikumkaa. Mwalimu wa pale alimwambia kwa heshima, "Mzee wangu, lugha hii inasomwa usoni. Wewe unaitazama mikono yako kama mtu anayeogopa kudondosha kikombe." Alijitahidi kunyanyua macho, na kila akiyanyanyua yakakutana na ya binti yake, akasahau alichotaka kusema. Mwanzoni Chiriku alimsahihisha, akimkunja vidole kwa subira. Alipokuwa msichana mkubwa alichoka. Alimtazama nusu, akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mama ili mazungumzo yaendelee.

"Kule chumba cha nyimbo nilikuwa nawaambia watoto watazamane usoni," Solfa aliniambia mara moja tukiwa tunanawa chaki bombani. "Mimi mwenyewe siwezi." Akacheka kidogo, akafuta mikono kwenye suruali.

Darasa lile la watoto wa maigizo lilitawanyika kama madarasa yote. Ugomvi ulirudi. Nusu na robo zilirudi kuwa miduara. Katapila alibaki peke yake pale mbele, kiti chake bado kimegeuzwa upande, na hakuna wa kumweleza. Alirudi mkiani. Kabla ya kumaliza shule aliacha. Nilisikia yuko kwa shangazi yake anafua nguo za watu. Nilimwona mara moja sokoni, mikono imechubuka kwa sabuni. Nikamsalimu. Aligonga ngumi mbili pamoja, akatabasamu, akapotea kwenye watu.

Solfa alistaafu akiwa mwalimu wa mwandiko. Tulimwandalia chai na keki ofisini, mkuu akasoma hotuba ndefu. Mtu mmoja akamwomba aimbe chochote. Akasema koo halimruhusu.

Chiriku alimaliza masomo akabaki shule ile ile, akawa msaidizi wa walimu wa watoto wadogo, kisha mwalimu kamili. Alifundisha maigizo. Siku moja alialika wazazi wake kuona mchezo aliouandaa, nami nikaalikwa. Ukumbi ulijaa viziwi wakubwa kwa wadogo, mikono inacheza kila upande, na sisi watatu wenye masikio tumekaa safu ya kati. Hakukuwa na ngoma wala makofi. Walipofurahi walinyanyua mikono juu wakaitikisa, na ukumbi ukawa kama shamba lenye upepo. Mchezo ulianza. Watoto walikuwa wepesi ajabu. Watu walicheka, mwili mzima, wengine wakipiga mapaja. Mama alicheka nao. Solfa alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, akicheka baada ya wengine kucheka, akinyanyua mikono baada ya wengine kunyanyua.

Njiani kurudi alimgusa mkewe.

"Ule mchezo," alisema. "Yule baba aliyeachwa nje ya mlango. Ilikuwa inatuhusu sisi?"

Mama alimgeukia.

"Hapana, baba. Yule si baba. Ilikuwa habari ya mbuzi aliyekula suruali ya mwalimu mkuu."

Solfa alianza kucheka. Alicheka mpaka akapenga kamasi, mpaka dereva akatazama kwenye kioo. Kisha akawa halii na hacheki, anatazama tu nje, na mkewe akamshika goti mpaka tukafika.

Hakumaliza mwaka. Moyo wake ulisimama alipokuwa ameketi nje anasubiri chai. Chiriku alikuja siku ile ile, akapanga kila kitu kwa utulivu, akapokea mikono ya watu. Hakulia mbele yetu. Siku chache baada ya maziko alivuka barabara akaja kwangu na mama yake. Alikaa sebuleni, akaanza kusema kwa mikono, taratibu, na mama akanitafsiria. Alitaka kuniuliza jambo, kwa sababu nilikaa karibu na baba yake kazini kuliko mtu yeyote.

"Anasema," mama alianza, "anakumbuka kwamba aliimba naye asubuhi. Anakumbuka barabara, na geti. Anakumbuka kuwa ilikuwa tamu. Lakini sauti yenyewe imemtoka kichwani. Anauliza ilikuwaje."

Nilimtazama usoni, kama nilivyofunzwa na darasa lao. Nikasema ilikuwa nene. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo, hasa asubuhi kabla hajanywa chai. Nikasema haikuwa nzuri sana, lakini mtu akiisikia kupitia ukutani aliacha anachofanya. Nikatafuta kitu kingine cha kumwambia, nikageuka kumwuliza mama kama nimesahau neno.

Mama alikuwa ameacha kutafsiri. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, ameinamisha kichwa, na Chiriku alikuwa ananitazama mdomo, akisubiri.